Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Historia ya Tiba ya Saratani ya Umio Isiyoweza Kupasuliwa

Saratani ya umio huua kwa njaa. Mgonjwa huanza kwa kuona kwamba ugali haushuki. Baadaye ni wali, kisha uji, na mwishowe hata mate yake mwenyewe humshinda kuyameza. Kufikia siku anapokaa mbele ya daktari bingwa, mara nyingi uvimbe umekwisha kushikamana na njia ya hewa au na mishipa mikubwa ya damu, na kisu cha mpasuaji hakina tena kazi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 445,000 walikufa kwa sababu yake. Tarakimu mbili zinapokaribiana kiasi hicho, msomaji hahitaji kuwa tabibu ili aelewe maana yake.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Upande wa mashariki wa bara letu, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, ni mojawapo ya maeneo ya dunia yanayoelemewa zaidi na saratani hii. Katika miaka ya karibuni habari kubwa miongoni mwa wataalamu imekuwa kuongeza tiba ya kinga, yaani imunotherapi, juu ya mionzi na kemotherapi kwa wagonjwa wasioweza kupasuliwa. Ni habari ya matumaini. Lakini historia ya tiba hii inatufundisha mambo mawili ambayo mijadala yetu ya sera huyasahau. La kwanza ni kwamba maendeleo ya kweli yalitokana na kuunganisha tiba, na kila kilichoongezwa kililazimika kuthibitishwa kwa majaribio. La pili ni kwamba kila hatua ilijengwa juu ya hatua iliyotangulia. Taifa lisilo na msingi haliwezi kununua paa.

Zama za kisu

Mwaka 1877 mpasuaji Vincenz Czerny alifanikiwa kukata sehemu ya umio iliyo shingoni. Umio la ndani ya kifua lilibaki nje ya uwezo wa wapasuaji kwa miaka mingine zaidi ya 30, kwa kuwa kufungua kifua kulimaanisha pafu kusinyaa na mgonjwa kukata roho. Mwaka 1913, jijini New York, Franz Torek aliondoa umio la kifuani la mwanamke mwenye saratani, na mwanamke huyo akaishi miaka 13 zaidi. Torek hakujua namna ya kuunganisha tena njia ya chakula. Mgonjwa alikula kwa msaada wa mpira uliopita nje ya mwili, kutoka tundu la shingoni hadi tundu la tumboni.

Ushindi wa mgonjwa mmoja, hata hivyo, si tiba ya umma. Mwaka 1980 Earlam na Cunha-Melo walichapisha mapitio ya makala 122 kuhusu upasuaji wa saratani ya umio ya seli bapa, ambayo ndiyo aina inayotawala katika ukanda wetu. Walitoa muhtasari ambao haujasahaulika. Kati ya wagonjwa 100, wapasuaji waliwafungua 58 na kufanikiwa kuuondoa uvimbe kwa 39. Kati ya hao 39, 13 walifia hospitalini. Waliorudi nyumbani walikuwa 26, na baada ya miaka 5 walikuwa hai 4 tu. Katika mapitio mengine ya mwaka huohuo waligeukia mionzi, wakakuta kwamba ni wagonjwa 6 kati ya 100 waliofikisha miaka 5. Kisu peke yake kilishindwa, na mionzi peke yake ilishindwa.

Mionzi pamoja na dawa

Mionzi ilikuwa na historia yake. Röntgen aligundua mionzi ya X mwaka 1895, na Marie na Pierre Curie waliitambua radiamu mwaka 1898. Ndani ya miaka michache madaktari walikuwa wakijaribu kuunguza uvimbe wa kila aina. Kwa umio tatizo lilikuwa wazi: kiungo hiki kimebanwa kati ya moyo, mapafu na uti wa mgongo. Kipimo cha mionzi kinachotosha kuua uvimbe mkubwa hukaribia kile kinachoharibu majirani zake. Tena, mionzi huona pale tu ilipoelekezwa. Seli zilizokwisha kutoroka kwenda kwenye ini au mapafu haziguswi nayo.

Wakati huohuo maabara nyingine zilikuwa zikitengeneza silaha tofauti. Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitangaza dawa ya fluorourasili, iliyobuniwa kuidanganya seli ya saratani inapotaka kutengeneza vinasaba vyake. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, akichunguza athari ya umeme kwa bakteria, alikuta kwamba bakteria wameacha kugawanyika. Kilichofanya kazi hiyo kilikuwa kemikali zilizotoka kwenye vipande vya platinamu vilivyopitisha umeme huo. Huko ndiko ilikotoka sisplatini.

Aliyeziunganisha silaha hizi kwa namna iliyobadili fikra alikuwa mpasuaji wa Detroit, Norman Nigro, naye hakuwa akishughulikia umio. Mwaka 1974 alieleza wagonjwa 3 wenye saratani ya njia ya haja kubwa waliopewa fluorourasili, mitomaisini na mionzi ya kiasi kabla ya upasuaji. Wawili walipopasuliwa hawakukutwa na uvimbe wowote. Matokeo hayo yalizua swali ambalo mpasuaji hakulitarajia: kama uvimbe umekwisha kutoweka, tunakata nini? Wenzake wa Detroit walilihamishia swali hilo kwenye umio.

Jibu la uhakika lilikuja Juni 1992. Herskovic na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Marekani lijulikanalo kama RTOG 85-01. Kundi moja lilipewa mionzi pekee, grei 64. Kundi la pili lilipewa mionzi pungufu, grei 50, pamoja na sisplatini na fluorourasili. Katika kundi la mionzi pekee, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki kabla ya kutimiza miezi 9. Katika kundi la pili muda huo ulikuwa miezi 12.5. Baada ya miaka 2, waliokuwa hai walikuwa asilimia 10 katika kundi la kwanza na asilimia 38 katika la pili. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba baada ya miaka 5, asilimia 26 ya waliopewa tiba ya pamoja walikuwa hai. Katika kundi la mionzi pekee hakubaki hata mmoja.

Maelezo ya kisayansi si magumu. Dawa huidhoofisha seli ya saratani isiweze kujitibu majeraha ya mionzi, na papo hapo huzunguka mwilini ikiwinda seli zilizotoroka. Ni ule msemo wetu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini gharama yake haikufichwa. Madhara makali yaliwapata asilimia 44 ya wagonjwa wa tiba ya pamoja, na madhara ya kuhatarisha maisha asilimia 20. Kwa waliopata mionzi pekee ilikuwa asilimia 25 na 3. Tiba hii ilihitaji tangu mwanzo hospitali yenye wauguzi, maabara, damu na dawa za kuzuia kutapika. Mashine peke yake haikutosha.

Kuongeza si lazima kuboresha

Miaka 30 iliyofuata ni somo la unyenyekevu. Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: kama grei 50 zinasaidia, tuongeze. Jaribio la INT 0123, lililochapishwa mwaka 2002, lililinganisha grei 50.4 na grei 64.8, zote pamoja na dawa zilezile. Kipimo kikubwa hakikurefusha maisha, na vifo vilivyotokana na tiba vilikuwa 11 katika kundi hilo dhidi ya 2 katika kundi la kipimo cha kawaida. Baadaye watafiti wa Uholanzi walirudia swali hilo kwa mashine za kisasa zaidi katika jaribio la ARTDECO. Jibu halikubadilika.

Wazo la pili lilikuwa kuongeza dawa mpya inayolenga seli za saratani. Setuksimabu ilikuwa imeleta mafanikio katika saratani za kichwa na shingo, hivyo ilionekana busara kuijaribu kwenye umio. Jaribio la Uingereza la SCOPE1, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuta kwamba walioongezewa dawa hiyo waliishi muda mfupi zaidi kuliko wasioongezewa: miezi 22.1 dhidi ya 25.4. Marekani nayo ilijaribu, ikakosa faida.

Nayataja haya kwa makusudi. Katika siasa zetu za afya kuna tabia ya kuamini kwamba kipya ni bora na ghali ni bora zaidi. Historia ya umio inasema vingine. Kilichosimama tangu 1992 ni mionzi ya kiasi pamoja na dawa mbili ambazo hati miliki zake zimekwisha na ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kinga ya mwili yaingia uwanjani

Wazo la kuitumia kinga ya mwili dhidi ya saratani ni la zamani. Katika miaka ya 1890, William Coley wa New York aliwadunga wagonjwa bakteria kwa makusudi, akitumaini kwamba homa itaamsha mwili uushambulie uvimbe. Baadhi walipona, wengi hawakupona, na hakuna aliyeweza kueleza sababu. Sababu ilianza kufahamika karne moja baadaye. Mwaka 1992, mwaka uleule wa jaribio la Herskovic, Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto walitangaza kugundua molekuli iitwayo PD-1 katika seli za kinga. Baadaye ilieleweka kwamba molekuli hiyo ni breki. Nchini Marekani James Allison alikuwa akichunguza breki nyingine, CTLA-4. Uvimbe wa saratani huweza kuikanyaga breki ya PD-1 na kuilaza kinga. Dawa zinazoiachia breki hiyo huirudisha kinga kazini. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Kwa saratani ya umio iliyokwisha kuenea mwilini, ushahidi ulifika haraka. Jaribio la KEYNOTE-590 (2021) lilionyesha kwamba kuongeza pembrolizumabu kwenye kemotherapi kulisogeza wastani wa maisha kutoka miezi 9.8 hadi 12.4. Mwaka huohuo CheckMate 577 ilionyesha kwamba nivolumabu, ikitolewa baada ya mionzi, kemotherapi na upasuaji kwa waliokutwa bado na mabaki ya uvimbe, ilirefusha muda wa kuishi bila ugonjwa kurudi kutoka miezi 11.0 hadi 22.4.

Kati ya makundi hayo mawili wamesimama wagonjwa tunaowazungumzia hapa: ugonjwa wao haujaenea mbali, lakini haupasuliki. Hoja ya kuwapa tiba tatu kwa pamoja ina mantiki. Mionzi inapoivunja seli ya saratani, vipande vyake humwagika, na kinga hupata nafasi ya kuutambua uso wa adui. Lakini mionzi hiyohiyo inaweza kuufanya uvimbe uongeze molekuli zinazokanyaga breki. Ukiiachia breki wakati huo, kinga iliyokwisha kumtambua adui inaweza kumfuata.

Mwaka 2023 madaktari wa Guangzhou, China, walichapisha jaribio la EC-CRT-001. Wagonjwa 42 walipewa toripalimabu pamoja na mionzi na kemotherapi. Miezi 3 baada ya mionzi, 26 kati yao hawakuonekana tena na uvimbe. Hata hivyo, kiwango cha seli nyeupe za kinga kilishuka vibaya kwa 36, na mmoja alifariki kwa uvimbe wa mapafu uliosababishwa na tiba. Hapo ndipo penye kitendawili. Mionzi huziua kwa urahisi seli zilezile za kinga ambazo dawa mpya inazitegemea, na mapafu hushambuliwa na mionzi kwa upande mmoja na kinga iliyochangamka kwa upande mwingine. Tena, jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganishia. Ndiyo maana yalianzishwa majaribio makubwa, yakiwemo KEYNOTE-975, RATIONALE-311, ESCORT-CRT na KUNLUN. Vituo vyake vingi viko Asia, Ulaya na Amerika.

Saratani nyingine zinatuonya tusikimbilie hitimisho. Kwa saratani ya mapafu isiyopasulika, jaribio la PACIFIC (2017) lilionyesha kwamba durvalumabu ikitolewa baada ya mionzi na kemotherapi kukamilika, muda kabla ya ugonjwa kuendelea hupanda kutoka miezi 5.6 hadi 16.8. Dawa hiyohiyo ilipoanzishwa pamoja na mionzi tangu siku za mwanzo, katika PACIFIC-2, faida haikuonekana. Kwa saratani za kichwa na shingo, jaribio la JAVELIN lilikosa faida. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, pembrolizumabu pamoja na mionzi na kemotherapi ilifaulu: baada ya miezi 36 waliokuwa hai walikuwa asilimia 82.6, dhidi ya 74.8 kwa wasioipata. Dawa za jamii moja, juu ya msingi mmoja, zilileta matokeo tofauti. Mpangilio wa muda, aina ya uvimbe na kiungo chenyewe vyote vina neno la kusema.

Ukanda wetu katika historia hii

Afrika Mashariki haikukosekana kabisa katika historia hii, ila iliingia kama mahali pa kuhesabia wagonjwa. Mwaka 1969 Ahmed na Cook walieleza wingi wa saratani ya umio magharibi mwa Kenya. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, waliripoti katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huu uliwapata hata vijana wa chini ya miaka 30, jambo ambalo ni nadra mahali pengine. Baadaye watafiti wa Eldoret, Moshi na Malawi, wakishirikiana na IARC, walichunguza visababishi: pombe, tumbaku, afya duni ya meno na kinywa, na vinywaji vya moto kupita kiasi. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vya nyuzi zaidi ya 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Kwa upande wa tiba, mchango wetu mkubwa umekuwa wa kupunguza mateso. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Tenwek imewawekea wagonjwa mirija ya chuma inayotanuka ndani ya umio ili waweze kumeza tena. Ni kazi ya heshima, na kumrudishia mtu uwezo wa kula na jamaa yake si jambo dogo. Lakini mrija hauponyi. Unapokuwa tiba kuu ya eneo zima, maana yake ni kwamba ugunduzi wa 1992 haujafika huko, achilia mbali ule uliotuzwa Nobel mwaka 2018.

Kwa nini haujafika? Tutazame Uganda. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya taifa hilo, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika isitengenezeke. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400, lakini wengine walibaki kusubiri hadi mashine mpya ilipoanza kazi mwanzoni mwa 2018. Mashine haikufa ghafla. Ilizeeka mbele ya macho ya watu wenye dhamana ya bajeti. Na mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipozindua mpango wake wa Miale ya Matumaini, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoko katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890 na iliyopewa hadhi ya taasisi huru kwa sheria ya mwaka 1996, imepiga hatua kubwa kwa mashine za kisasa. Lakini hesabu ya mgonjwa ni ngumu kuliko hesabu ya mashine. Grei 50.4 hutolewa kidogokidogo kwa siku 28 za matibabu, siku 5 kwa wiki. Mkulima kutoka mkoani anahitaji kulala mjini wiki 6, akila kwa taabu, huku shamba likimsubiri. Akikatisha katikati, uvimbe hupata nafuu kabla yake.

Swali la kisiasa

Hapa ndipo historia ya tiba inapogeuka kuwa suala la utawala. Dawa moja ya tiba ya kinga huuzwa Marekani kwa maelfu ya dola kwa dozi. Itakapothibitika kwa wagonjwa hawa, kutakuwa na shinikizo la haki la kuipata, na wanaharakati wetu watadai iingizwe katika bima. Nitawaunga mkono. Lakini tukidai dawa na kunyamaza kuhusu msingi, tutakuwa tumepigania haki ya wachache wenye uwezo wa kusafiri. Dawa hiyo inaongezwa juu ya mionzi na kemotherapi, na kwa asiyefika kwenye mashine haina mahali pa kukaa.

Kwa hiyo madai yawe na mpangilio. Kwanza, kila mkataba wa kununua mashine ya mionzi uwe na fungu la matengenezo na tarehe ya kuibadilisha, na taarifa zake ziwe wazi kwa Bunge. Pili, bima igharamie safari nzima ya tiba, yakiwemo malazi ya wiki hizo 6 na lishe kwa mrija pale inapohitajika. Tatu, vipimo vya kumulika umio vishuke hadi hospitali za mikoa na kaunti zilizoelemewa, kwa kuwa anayegunduliwa mapema huenda asihitaji mjadala huu wote. Nne, serikali zetu ziingie katika mazungumzo ya majaribio ya tiba zikiwa na sharti: ukanda wenye mzigo mkubwa kiasi hiki ushirikishwe katika kutafuta jibu, na wagonjwa wake wapate dawa ikifaulu. Katika nchi zenye virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na utapiamlo, hatuwezi kuchukulia kwamba kinga ya mgonjwa wa Bomet au Moshi itaitikia sawasawa na ya mgonjwa wa Guangzhou.

Mwanafunzi anayesoma makala haya huenda akawa mtumishi wa wizara baada ya miaka michache, na siku moja jalada la mashine iliyozeeka litapita mezani kwake. Miaka zaidi ya 30 imepita tangu ijulikane kwamba tiba mbili za bei nafuu, zikitolewa pamoja, huweza kumbakiza hai mgonjwa mmoja kati ya wanne ambaye kisu hakimfai. Deni hilo la 1992 tulilipe, ndipo tiba ya kinga tunayoisubiri itakapokuwa na mahali pa kushikia.